Fyuzi na Masinia Mawili ya Nyanya

Jina alilopewa na wazazi wake silijui, ingawa nimefanya naye biashara tangu duka langu lilipokuwa meza ya mbao kwenye kona. Mtaa mzima unamwita Fyuzi. Ni fundi umeme, mwembamba, bisibisi yake inakaa kwenye mfuko wa shati pale ambapo wenzake huweka kalamu. Taa zikizimika kwenye jengo, watu hawaulizi kampuni ya umeme. Wanauliza Fyuzi yuko wapi. Naye huja bila haraka, hutega sikio kwenye boksi la swichi kama daktari anayesikiliza kifua cha mgonjwa, kisha anasema, "Hii imechoka." Na kweli huwa imechoka.

Mimi nauza vifaa vya umeme, na fundi wa namna hiyo kwangu ni mali. Neno lake moja linauza kuliko maneno yangu ya asubuhi nzima. Mteja akisita mbele ya kaunta nilikuwa namwambia, "Nenda kamuulize Fyuzi," naye alirudi kununua. Kwa hiyo nikieleza yaliyompata, ieleweke kwamba simsemi mtu ninayemchukia. Namsema mtu aliyekuwa akinijazia duka.

Alikuwa na udhaifu mmoja: hakutupa taa inayowaka. Miaka ya nyuma alipata kazi ya kubadilisha taa kwenye jengo la ofisi. Wenyewe walitaka LED kila chumba. Yeye akateremsha enaji seva zao zote, zile taa zenye mrija uliojikunja kama utumbo, akazivika magazeti moja moja na kuzipeleka nyumbani kwenye maboksi. Zilikuwa bado zinawaka. Kwa Fyuzi kinachowaka ni kizima, kisichowaka ni kibovu, na hapo katikati hapana kitu. Nyumbani kwake kila chumba kilikuwa na enaji seva ya ofisini, na ole wako uzisemee vibaya ukiwa umekaa kwenye kiti chake.

"LED ni taa ya macho," alikuwa akitangaza kwenye kaunta yangu, huku LED zangu zimepangwa nyuma yangu zinamsikiliza. "Inakuchoma usoni, unadhani ndio mwanga. Enaji seva inajaza chumba."

"Sasa hizi mimi nizipeleke wapi?"

"Wauzie wanaopenda kuchomwa usoni."

Mke wa Fyuzi ana mdogo wake wa kike, na wanaishi ukuta kwa ukuta kwenye vyumba vya chini vya jengo moja. Huyo mdogo mtu anaotesha miche ya nyanya na pilipili hoho kwenye viriba, ile mifuko midogo myeusi ya plastiki, na kuwauzia wenye bustani. Watu wanamwita Mama Miche. Mume hana, alimfukuza mwenyewe, na maisha yake yote yako kwenye viriba hivyo. Kwa miaka alikuwa akivipanga uani, jua linaingia, hana wasiwasi.

Kisha upande wa pili wa ukuta wa uani likapanda jengo jipya. Ghorofa kwa ghorofa, jua la uani likaliwa. Miche ikaanza kurefuka na kupauka. Wateja wakawa wanainua kiriba, wanakitazama, wanakirudisha chini. Nawafahamu wateja wa aina hiyo. Anayebishana bei bado ni wako. Anayerudisha mzigo chini bila kusema neno ameshaondoka, hata kama bado amesimama mbele yako.

Mama Miche akaamua kuhamia ndani. Ana stoo ndefu isiyo na dirisha, akasema ataoteshea humo kwa taa. Msimu wa kupanda ulikuwa unakaribia, na alikuwa ameshachanganya udongo wa viriba vyote. Msimu huo ukimharibikia, wateja wangeenda kwa muoteshaji mwingine aliye karibu na soko, na mteja wa miche akishapata mkono mwingine uliomwoteshea vizuri, harudi. Lililobaki kwake lilikuwa kuchagua taa.

Akaja kwangu. Nilimwambia LED nyeupe, kwa sababu mbili ambazo ningemwambia hata kama nisingekuwa na shehena yake: inamwaga mwanga wake mbele badala ya kuutawanya hadi darini, na hainywi umeme. Kabla sijafika kwenye bei, Fyuzi akatokea nyuma yake.

"Shemeji, hizo utaoteshea picha, sio nyanya."

"Na zako za ofisini zitanioteshea nini, shemeji? Makarani?"

Waliokuwepo dukani walicheka. Fyuzi naye alicheka, ila masikio yalibadilika rangi. Mashemeji hao wametaniana tangu siku ya posa, na kwa kawaida kila mmoja huondoka na furushi lake la matusi akiwa ameridhika. Safari hii Fyuzi hakuliachia hapo.

"Tupime," alisema. "Chumba chako, miche yako, taa yangu na taa ya huyu mfanyabiashara. Itakayoshinda naifunga chumba kizima kwa mikono yangu, na wewe hutafungua mdomo."

"Na ukishindwa?"

"Sishindwi na balbu."

Wakanichagua mimi niwe mwamuzi, kwa kuwa nauza taa za aina zote mbili na sina mapenzi na yoyote.

Stoo ile ina soketi mbili, moja kila mwisho, na chini yake meza moja ndefu imeegemezwa ukutani. Fyuzi akafunga enaji seva yake mwisho wa kushoto, akamfungia shemeji LED mwisho wa kulia, tena kwa uangalifu uleule, maana kwenye kazi hana roho mbaya. Katikati ya meza wakasimamisha kadibodi nene ili mwanga wa huyu usimnufaishe yule. Mbegu zilitoka pakiti moja, udongo karai moja, sinia moja la viriba kila upande. Kumwagilia wakampa mke wa Fyuzi, kwa sababu ni mke wa mmoja na dada wa mwingine, na hakuna aliyemtilia shaka.

Miche ikachomoza. Ikawa inafanya kama miche yote inavyofanya, kila mmoja unainamia mwanga wake. Ya kushoto ikainamia kushoto, ya kulia ikainamia kulia, masinia mawili yamepeana mgongo kama wapangaji waliogombania bafu.

Lakini ya LED ilikuwa mifupi, minene ya shina, majani yamekolea. Ya Fyuzi ilirefuka haraka, na kwa siku za mwanzo alitamba nayo. "Unaona urefu huo, shemeji?" Muoteshaji anajua kwamba mche unaokimbilia juu ni mche unaotafuta mwanga ambao haupo. Baada ya muda Fyuzi naye akajua. Ya kwake ilikuwa nyembamba kama uzi, imepauka, mingine imelala ubavu. Akateremsha taa karibu zaidi. Akaufuta mrija kwa kitambaa. Akaitoa taa, akaweka nyingine kutoka boksi lilelile. Hakuna kilichobadilika. Akaanza kuingia mle stoo wakati hamna mtu na kusimama tu, mikono nyuma.

Yafuatayo niliyajua baadaye, kwa mdomo wake.

Siku ya uamuzi, mchana, Mama Miche alikuwa ametoka kununua mbegu na mke wa Fyuzi alikuwa juu ya paa anaanika nguo. Fyuzi akaingia stoo, akainua sinia lake, akaliweka sakafuni. Akainua sinia la shemeji, akaliweka chini ya enaji seva. Kisha la kwake akaliweka chini ya LED. Alinieleza kwamba hakupanga, ilitokea tu. Sikukubali, na nilimwambia hivyo. Kubeba masinia mawili ya udongo mbichi, moja baada ya jingine, na kuyazungusha meza ndefu bila kumwaga hata punje, si jambo linalotokea tu.

Akaja dukani kuniita. Alikuwa mchangamfu kupita kawaida yake, ananishika bega, ananiuliza habari za watoto. Tukatembea. Tulipopita kwa mpiga pasi, pana dirisha lenye maua kwenye kopo la rangi, na maua yale yote yameinamia kioo. Fyuzi akayatazama, akasimama. Kisha akainama kama mtu anayefunga kamba za viatu.

"Vipi?" nikamuuliza.

"Kamba."

Alikuwa amevaa kandambili.

Pale alipoinama ndipo alipokumbuka kwamba miche haisahau mwanga wake kwa mara moja. Alikuwa amehamisha masinia, lakini miche ilikuwa bado imeinamia ilikotoka. Sinia lililoinamia kulia sasa lilikuwa kushoto, na lililoinamia kushoto lilikuwa kulia. Yote mawili yalikuwa yamezipa taa mgongo, yanatazamana kupitia kadibodi, na mtoto yeyote angeuliza kwa nini. Tulikuwa tumeshaingia kwenye korido, na Mama Miche alikuwa ametuona, yuko mlangoni na majirani wawili aliowaita waje washuhudie. Hapakuwa na pa kurudi. Fyuzi anasema aliingia stoo kama mtu anayeingia mahakamani.

Miche ilikuwa imeinama sawasawa. Ya kushoto kushoto, ya kulia kulia, kila mmoja umeelekea taa yake kwa adabu.

Mke wake alikuwa amesimama kando ya mlango na jagi la maji mkononi. Fyuzi akatazama masinia, akamtazama mkewe. Mkewe alikuwa anatazama jagi.

Mimi sikuona lolote. Nilikagua kama ninavyokagua mzigo wa jumla: nikainua kiriba, nikabonyeza shina, nikaangalia chini ya majani. Sinia la kushoto lilikuwa bora, tena kwa mbali. Jicho ambalo najivunia halidanganywi na wauza waya bandia lilikuwa limedanganywa na masinia ya nyanya. "Enaji seva," nikasema.

Mama Miche aliziangalia nyanya alizoziotesha yeye bila kuzitambua. Alikuwa na sababu. Masinia yalifanana, viriba vilifanana, na akilini mwake mtu wa kwao hawezi kumhadaa.

"Shemeji," alisema, "nilikucheka mbele za watu, na mbele za watu nakuomba radhi. Umeme ni kazi yako, na mimi nilitaka kukufundisha kazi yako. Kesho nazichukua hizo hizo, chumba kizima."

"Hamna haja ya radhi," Fyuzi akasema.

"Ipo. Nipe mkono."

Akampa mkono. Majirani wakamsifu. Jirani mmoja akamwomba aje kwake abadilishe taa za sebuleni. Fyuzi alikuwa anaitikia, "Nitakuja, nitakuja," na mimi nilidhani ni unyenyekevu wa mshindi, nikampenda zaidi.

Jioni wakakaa kula, yeye na mkewe peke yao. Mkewe akamnawisha, akampakulia, akazungumzia bei ya sabuni. Fyuzi alisubiri alisemee lile la masinia. Halikuja.

"Mchana uliingia stoo?" akauliza mwenyewe.

"Niliingia kumwagilia."

"Ukaona nini?"

"Niliona miche."

"Halafu?"

"Halafu nikamwagilia. Kula, kinapoa."

Akajaribu tena. "Masinia yalikuwa yamekaaje?"

Mkewe akaweka kijiko. "Baba, mimi nimekaa na wewe miaka yote hii. Umewahi kukosa hela, umewahi kukosa kazi, umewahi kuanguka kwenye ngazi ya watu ukaniambia umegongwa na baiskeli. Yote hayo niliyabeba, hayakuwa mazito. Leo nilishika masinia mawili nikayageuza, na mikono inaniuma mpaka sasa. Kula."

Hakula. Aliniambia kwamba angekamatwa palepale mbele ya majirani ingekuwa afadhali. Angezomewa, angechekwa, angekasirika, basi. Alichoshindwa kukibeba ni kumfikiria yule mwanamke, nguo mbichi begani, ameingia mle ndani, ameona, ameelewa mara moja, na badala ya kumwita mdogo wake, amezungusha masinia taratibu ili mume asiaibike. Alimfanya mkewe amdanganye mdogo wake wa tumbo moja, tena bila kumwomba.

Asubuhi nilipofungua duka alikuwa ameketi kwenye kizingiti. Mzigo wa Mama Miche nilikuwa nimeshauandaa, boksi la enaji seva mpya, nimeshalifunga kamba.

"Usimuuzie," akasema.

"Fyuzi, hata sijafagia, ushanifungia biashara?"

"Usimuuzie. Na usiniangalie hivyo."

Akanieleza, anatazama sakafu. Nilimsikiliza mpaka mwisho. Niseme ukweli, kilichoniuma kwanza si shemeji yake wala mkewe. Ilikuwa kwamba neno lake lilikuwa linauza dukani kwangu, na sasa sikujua lina thamani gani. Nikamwambia hivyo hivyo. Akaitikia kwa kichwa.

"Atakuja sasa hivi," nikasema. "Unataka nimwambie mimi?"

"Hapana. Ukimwambia wewe, itakuwa nimemtuma mtu mwingine tena anibebee."

Mama Miche akaingia na kapu, kachangamka. "Shemeji, umeniwahi. Unataka nizibebe peke yangu?"

"Zile nyanya nzuri ni za LED," Fyuzi akasema. "Nilihamisha masinia."

Yeye akacheka, akidhani ni utani wao wa siku zote. Akanitazama mimi nicheke naye. Nilijitia kufuta kaunta. Kicheko kikaisha taratibu, kama feni iliyozimwa.

"Ulihamisha lini?"

"Jana mchana. Ulipokuwa umetoka."

"Na ungeniacha niweke viriba vyote chini ya hizo taa zako?"

Fyuzi akalitazama boksi lililofungwa kamba.

"Shemeji, nakuuliza. Ungeniacha?"

"Jana, ndiyo," Fyuzi akasema. "Jana ningekuacha."

Hilo ndilo jibu ambalo bado namheshimu nalo. Lilikuwepo jibu jepesi zaidi, na hakulichukua.

Mama Miche alikaa juu ya boksi la waya. Kwa muda alikuwa anavuta uzi wa kapu. Kisha akainua uso, na akaniuliza mimi, sio yeye, "Lakini miche ilikuwa imeinama vizuri. Niliangalia. Ilikuwa imeinamia taa." Yeye ni muoteshaji, jicho lake lilikuwa limeangalia palepale panapotakiwa. Akamgeukia Fyuzi. "Dada anajua?"

Hapo Fyuzi alifunika uso kwa kiganja. Kwa makosa yake mwenyewe alikuwa amesimama wima. Kwa hilo alishindwa.

"Alinikuta nimeshafanya," alisema. "Akageuza masinia. Sikumtuma."

Kabla hajamaliza, mlangoni palisimama mkewe. Hakuwa na kapu wala pochi, amejifunga khanga juujuu, na alikuwa anahema kama mtu aliyetembea haraka. Akatuangalia wote watatu, akaona uso wa mdogo wake.

"Ameshasema?" akaniuliza.

"Ameshasema."

Akaegemea mlango. "Nilimpa usiku mmoja tu aseme mwenyewe," akamwambia mdogo wake. "Nimeamka sijamwona, nikadhani amekimbia. Nimekuja niseme mimi."

"Ungesema jana, dada."

"Ningesema jana." Akaikaza khanga yake.

Fyuzi alimtazama mkewe na kuelewa kwamba alikuwa amemtangulia kwa hatua chache tu. Angechelewa kidogo njiani, angesemewa. Nilimwona akilifikiria hilo, na sikumfariji. Kuna mizigo ambayo ukimsaidia mtu kuitua unamwibia.

Nikafanya kazi ninayoijua. Kwenye kaunta nina ubao wa kujaribia taa wenye holda mbili. Nikamwambia Fyuzi anipe taa ya ofisini aliyoitumia, maana alikuja nayo mfukoni, imevikwa gazeti. Nikaifunga upande mmoja. Upande wa pili nikafunga enaji seva mpya ya ukubwa uleule. Nikawasha, tukangoja zipate moto, kwani taa hizo huamka polepole. Mpya ikang'aa. Ya kwake ikabaki rangi ya chai ya maziwa.

Fyuzi aliinama, akazitazama zote mbili kwa muda mrefu.

"Ilikuwa inawaka," alisema.

"Bado inawaka," nikamwambia. "Imezeeka tu. Macho yako yamezeeka nayo, ndiyo maana hukuona. Nyanya hazikuizoea."

Kwa haki, ile mpya ingeotesha. Ukiiweka karibu, ukaizungushia karatasi ya kung'aa ili mwanga unaokwenda ukutani urudi, nyanya hazitalalamika sana. Lakini LED ingefanya hivyo bila karatasi, kwa umeme mdogo zaidi, na ingedumu. Nilimweleza Mama Miche yote hayo, hata sehemu isiyoniuzia, kwa sababu asubuhi ile haikuwa asubuhi ya ujanja. Akachukua LED. Bei hakubishana, na hilo lilinikosesha raha, maana sikuzoea. Nikaipunguza mwenyewe.

"Nani atazifunga?" nikauliza.

Mama Miche alikuwa anazipanga taa kapuni.

"Yeye," akasema Mama Miche, bila kumwangalia Fyuzi. "Nani mwingine anajua?"

Alizifunga siku hiyohiyo, mkewe amemshikia stuli. Miche ya msimu ilitoka mizuri. Enaji seva za ofisini alizirudisha kwenye magazeti yake, akazipeleka kwa wanaokusanya taa zilizochoka, kwa mikono miwili, asije akavunja mrija wenye sumu ndani yake. Mtaani bado wanamwita Fyuzi, na taa zikizimika bado anaitwa. Majirani wale wawili wanajua, kwa sababu Mama Miche aliwaita tena kwenye stoo ileile, na Fyuzi akasema mbele yao alichokifanya. Hakuna aliyemcheka. Alitamani wamcheke.

Mashemeji wanasalimiana vizuri. Utani haujarudi. Zamani Fyuzi alikuwa akiingia kwa shemeji yake moja kwa moja, anafunua sufuria, anauliza kuna nini humu. Sasa akiitwa kutazama swichi, anasimama nje ya stoo iliyo wazi, mlango hauna hata pazia, na yeye ndiye aliyefunga kila waya uliomo ndani. Anagonga mbao kwa bisibisi. Anasema, "Hodi." Na anasubiri mpaka aitikiwe.